Dodoma haina bahari, ila ina mto Kinyasungwe

Kila inapotajwa fedha ya kupima kemikali za plastiki kwenye miili ya pomboo na nyangumi, hapa Dodoma jibu huwa swali: huyo pomboo anamhusu nini mtu wa Majengo au Chamwino? Swali ni halali. Kanda ya kati ina visima vyenye floridi iliyozidi, hasa upande wa Singida, na meno ya watu yanaonesha. Anayesema maji ya kunywa yatangulie, niko naye. Ingelazimu kuchagua kimoja tu, ningechagua kisima.

Ipo na hoja ya kitaalamu. Kuikuta kemikali mwilini hakuthibitishi kwamba imedhuru. Tena kemikali zenyewe zimo hata kwenye vifaa vya plastiki vya maabara, kwa hiyo mpimaji asipoangalia ataichafua sampuli kwa mikono yake. Ni kweli, na ndiyo maana kazi hii hufanywa kwa vyombo vya kioo na chuma.

Ila naona wapingaji hawajaelewa kinachotafutwa. Mpira wa kumwagilia bustani ukikaa kwenye jua letu hili misimu kadhaa, unakakamaa na kupasuka. Plastiki ya aina hiyo hulainishwa kiwandani, mara nyingi kwa kemikali ziitwazo thaleti, na thaleti hazifungamani na plastiki; zimo ndani yake tu, kama mafuta yaliyokandwa kwenye unga. Taratibu zinatoka na kuingia kwenye maji, vumbi na chakula. Majaribio ya wanyama wa maabara yameonesha kwamba baadhi yake huvuruga homoni za uzazi.

Sasa twende Sarasota, Florida, ambako pomboo wamefuatiliwa tangu 1970. Mwaka 2016 na 2017 mtafiti Leslie Hart na wenzake walipima mkojo wa pomboo 17. Asilimia 71 walikuwa na mabaki ya angalau aina moja ya thaleti. Najua 17 ni wachache, na hakuna anayepaswa kuwasemea pomboo wa dunia nzima kwa namba hiyo. Lakini itazame vizuri. Mtu akikutwa na thaleti mtabishana mpaka jioni: ni losheni, ni manukato, ni mfuko uliofungiwa chakula cha moto? Pomboo hapaki losheni wala hanunui chipsi. Anakula samaki, anavuta hewa, anaogelea, basi. Halafu thaleti hazikai mwilini kama DDT, ile dawa ya kuua wadudu. Ndani ya saa au siku chache hutoka na mkojo. Kwa hiyo aliyekutwa nazo hakuzipata mwaka juzi. Kazipata juzi. Na kama wengi wa waliopimwa walikutwa nazo siku walipokamatwa tu, bila kuchaguliwa siku, ni vigumu kuamini kwamba wanazipata mara moja moja. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko asilimia yenyewe, kwa kuwa huyu ni mnyama mwenye mapafu, anayebeba mimba na kunyonyesha kama sisi. Kabla ya hapo, mwaka 2012, watafiti wakiongozwa na Maria Cristina Fossi wa Italia waliripoti mabaki ya thaleti kwenye shahamu za nyangumi wanne kati ya watano waliokwama ufukweni Mediterania.

Kwetu si lazima kumkamata pomboo hai. Wapo wanaonaswa kwenye majarife ya wavuvi Zanzibar na kufa. Shahamu za waliokufa hivyo kati ya 2000 na 2002 zilihifadhiwa, zikapimwa, zikakutwa na mabaki ya DDT. Yaani njia ya kupata sampuli tunaijua. Aprili 2006 pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa Nungwi, na chanzo hakikubainika kwa uhakika. Siku kama ile ndipo mtu hutamani rafu iliyojaa vipimo vya miaka ya nyuma.

Na Dodoma je? Kinyasungwe unaanzia mkoani kwetu. Mvua zikikolea unakuja kwa kishindo, na watu wa Gulwe wanajua ulivyoitesa reli. Maji hayo yanashuka mpaka Mkondoa, Kilosa, kisha Wami, na Wami unamwaga baharini Saadani, ng'ambo yake Unguja. Chupa iliyotupwa korongoni hapa inaweza kukwama mchangani miaka mingi, au isikwame. Juni Mosi 2019 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki, na barabarani tofauti inaonekana kwa macho. Kilichokwisha kutoka kwenye plastiki hakionekani kwa macho, na bila kupima hatutajua kama kinapungua.

Anayehesabu gharama akumbuke jambo moja. Mashine inayosoma thaleti kwenye mkojo wa pomboo ndiyo hiyo hiyo inayosoma mkojo wa mtu, na mtaalamu aliyezoea kulinda sampuli ya pomboo wa Kizimkazi, Zanzibar, isichafuliwe ataweza kulinda ya mtu wa Kongwa. Ningependa sampuli hizo mbili zipimwe wiki moja: ya pomboo aliyenaswa kwenye jarife, na ya mama mjamzito anayekunywa uji wa moto kwenye kikombe cha plastiki stendi ya Kibaigwa.