Mlimnyima jibu akiwa hai, sasa mnamsimamia kimya

Wiki iliyopita nilikaa kule juu kwa wageni, ndani ya bunge la kaunti, nikisikiza hoja ya kumuenzi mama mmoja wa mtaani kwetu aliyetuacha. Jina sitaji, familia bado inaomboleza. Waheshimiwa waliinuka mmoja mmoja, ooh shujaa, ooh nguzo ya jamii, ooh mama asiyechoka. Aliyeleta hoja alikosea jina la marehemu mara mbili, akanong'onezewa, akaendelea tu kama anasoma risiti. Halafu dakika moja ya kimya, ambayo haikufika hata dakika maana simu ya mtu ililia.

Sasa nisikizeni. Huyo mama alipeleka petisheni tatu kwa jumba hilo hilo, zote kuhusu uwanja wa watoto uliozungushiwa mabati usiku mmoja tukiamka tukapata goli moja liko ndani na lingine limetupwa kando ya barabara. Mara zote tatu aligongewa muhuri, akaambiwa "mama enda tu, utaitwa." Nakala zake alizifunga kwa karatasi ya nailoni zisinyeshewe, majina ya watu yamejaa, wazee wengine wameweka dole gumba tu, na ule muhuri wa zambarau ukazidi kufifia. Hakuitwa. Na juzi hoja inasema ati alikuwa "mtetezi wa viwanja vya watoto wetu." Viwanja gani jameni? Mabati bado yako!

Na msiniambie ni mambo ya kaunti tu, hii tabia tuliirithi kutoka juu. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipopinga lile jumba la ghorofa 60 ambalo lilitaka kujengwa pale Uhuru Park, bustani ya umma Nairobi, Bunge la Kenya lilifanya nini? Novemba ile wabunge walimjadili yeye, si jumba. Wakasema Green Belt Movement, shirika lake la kupanda miti, ni shirika bandia, wanachama wake ni kikundi cha wanawake walioachika, na kama anapenda sana kuwaandikia Wazungu basi aende akaishi huko kwao. Walioachika! Yaani mtu anauliza mbona mnajenga kwa bustani ya umma, jibu ni ndoa yake. Kisha serikali ikawafurusha kutoka ofisi yao, kazi ikahamia nyumbani kwake. Wafadhili walipojitoa jumba likafa, na ndiyo maana wewe leo unaweza kulala kwa nyasi pale Uhuru Park na soda yako bila kujua ulipiganiwa.

Mwaka 1992 akapigwa na polisi hadi akazirai pale pale, akiwa na akina mama waliokuwa wanadai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Ile kona tukaiita Freedom Corner. Na alipokufa Septemba 2011, mazishi ya kitaifa ya Oktoba yalifanyiwa wapi? Hapo hapo Freedom Corner. Serikali ile ile (sawa, rais mwingine, najua mtanirukia) ikaweka bendera juu ya jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, maana mama hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Hata maiti yake ilikuwa bado inatuambia kitu.

Sisemi watu wasienziwe. Ninachotaka ni kidogo sana: kabla Spika aruhusu mtu kusema "nguzo ya jamii," karani asimame asome kila ombi ambalo marehemu aliwahi kulileta, tarehe ya muhuri na jibu alilopewa. Kama hakuna jibu aseme hakuna, kwa sauti, iingie kwa Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya bunge. Kipengele cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwapelekea wakubwa malalamiko yake, lakini ukiona vile tunavyokitumia utadhani haki inaishia kwa muhuri. Hiyo dakika moja ya kimya mngeitumia kufungua droo.

Haya, kitu kimoja nakubali, shingo upande. Binti ya yule mama wa mtaani kwetu alilia aliposikia mamake akitajwa mle ndani ya bunge la kaunti, na ile karatasi ya hoja wameiweka fremu, iko ukutani juu ya tivii. Aliniambia, "Anti, angalau wamemjua." Nikanyamaza, ningesema nini? Si mimi niliyefiwa na mama.

Lakini jana jioni amenipigia akitaka nimtolee fotokopi ya zile petisheni, Jumatatu anazirudisha, mara ya nne hiyo. Nimemwambia abebe na fremu pia, wakimwambia "utaitwa" awawekee kwa kaunta, waangalie sahihi ya Spika wao.