Pwani Yao Ina Wenyewe

Kila nikipiga simu nyumbani Jambiani, Zanzibar, shangazi huniuliza lile lile: "Mwanangu, huko hamna watu, unaishi na nani?" Ana haki ya kuuliza. North Ronaldsay ni kisiwa cha mwisho kaskazini mwa visiwa vya Orkney, huko Scotland. Urefu wake ni kama kilomita tano, miti ni ya kuhesabu, na wakazi hatufiki mia. Kutoka Kirkwall unapanda ndege ndogo ya abiria wanane, na bahari ikichafuka meli haiji.

Jibu langu kwa shangazi ni kwamba hapa ndipo nilipoanza kuishi na watu tangu nivuke bahari. Kabla ya hapa nilikaa mji mkubwa wa Uingereza miaka minne, na jirani wa juu yangu nilimjua kwa viatu vyake tu, vikipita darini usiku. Nyumbani tunasema Wazungu hawajuani. Nami nilisema hivyo. Sasa nasema hao ni watu wa mjini, na wa mjini wako hivyo hata Dar es Salaam.

Kilichonishangaza zaidi ni kondoo. Kondoo wa kisiwa hiki wanakula mwani. Maji yakipwa wanashuka ufukweni kula, yakijaa wanapanda juu ya mawe na kucheua, mchana au usiku, maana saa yao ni bahari. Nilipomhadithia mama, ambaye amelima mwani tangu sijaanza darasa la kwanza, alinyamaza kidogo kisha akauliza: "Mwani mnene au mwembamba?" Nikamwambia si huo wetu, ni mwani mpana wa baridi, unatupwa pwani na mawimbi kwa malundo.

Zamani watu wa hapa nao waliishi kwa mwani. Waliuchoma, wakauza majivu yake kwa viwanda vya kioo na sabuni. Kisha bei ikaanguka, na mwenye ardhi akataka mashamba yaliyo bora kwa ng'ombe na mazao. Mwaka 1832 ukajengwa ukuta wa mawe kuzunguka kisiwa kizima, kama kilomita 21, kimo cha mtu, bila tope wala saruji. Kondoo wakafungiwa nje, upande wa bahari. Majike huingizwa ndani majira ya kuzaa, miezi michache, kisha hurudishwa ufukweni. Miili yao imezoea mwani wenye shaba kidogo, na shaba ya majani ikizidi huwadhuru.

Nikisoma habari ya bei ya majivu kuanguka, namwona mama na gunia lake. Mwani mnene, ule wa bei nzuri, umekuwa ukimfia kwa sababu maji yamepata joto. Amebaki na mwembamba, na bei ya kilo anaisikia kutoka kwa mnunuzi. Anafunga taitai, zile kamba ndogo za kushikia mwani, moja moja mpaka vidole vinachanika, na anayepanga thamani ya kazi ile hajawahi kulowa maji.

Ila watu wa hapa walifanya jambo ambalo nataka sana tulitazame. Mwaka 1839 ilianzishwa Mahakama ya Kondoo. Ni wakazi wenyewe, wanaoamua mambo ya kundi la pamoja na ya ukuta: nyumba hii iwe na kondoo wangapi, nani atengeneze kipande gani. Kila ukoo una alama yake ya kukata sikio. Siku ya kuwaswaga kondoo hadi kwenye mazizi ya mawe, wanatoka wote wanaoweza kutembea. Huendi kwa sababu una moyo mzuri. Unaenda kwa sababu ni zamu yako, na usipokwenda, pengo lako linaonekana na kondoo wanapita hapo hapo.

Mtu wa kuja hapa anaitwa ferrylouper, yaani aliyeruka kutoka melini, na jina hilo haliondoki hata ukikaa miaka thelathini. Halinikeri. Kwetu pia mtu wa kuja ni mtu wa kuja.

Januari iliyopita tufani iliulaza ukuta kiasi cha hatua ishirini karibu na nyumba yangu. Nilitoka asubuhi na glavu za mpira, baridi inakata masikio. Marehemu babu, mzaa mama, alilima maweni na kuzungushia shamba lake ukuta wa mawe dhidi ya nguruwe mwitu. Alinifundisha nikiwa mdogo: kila jiwe likalie mawili, na uso wake mzuri uutazame nje. Nikaweka la kwanza. Mzee jirani yangu, aliyepita miaka themanini, akalitikisa kwa kiganja. Halikucheza. Akaliacha, kisha kwa ncha ya buti akanisogezea jingine.

Mzee huyu hata watoto wanamwita kwa jina lake. Ulimi wangu ulikataa. Nikamwita Mzee, nikamweleza maana yake, na sasa anaitika. Anaishi peke yake. Kila magharibi, ambayo Desemba inaingia kabla ya saa kumi jioni, natazama kama taa yake imewaka. Hapo nyumbani kwetu tuko mbele sana, na nalisema kwa kujivunia: Jambiani mzee wa umri ule hangelala nyumba tupu, na hangekosa mjukuu wa kumtuma dukani. Hapa watoto ni wachache mno. Karne ya 19 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 500; leo ukuta ni mrefu kuliko mikono iliyobaki, na wageni wa kujitolea huja kiangazi kusaidia kuujenga.

Lakini pwani yao ina wenyewe, wenye kanuni na kikao. Yetu tunaipenda sote, na kila mmoja anashuka na kamba zake. Najua tuna sheha, kiongozi wa mtaa, kamati za wavuvi na vikundi vya kina mama wa sabuni ya mwani, na navisifu. Nauliza tu: mwenye hoteli akitaka vijiti vya mwani ving'olewe mbele ya wageni wake, ni kikao gani cha wakulima chenye nguvu ya kumwambia hapana? Mnunuzi akishusha bei, ni nani anayezuia magunia yote kwa pamoja?

Juzi mwezi ulipokamilika mama alinitumia ujumbe wa sauti, upepo unavuma nyuma yake. "Leo bamvua, maji yanatoka mbali, tunashuka saa nne. Na ule ukuta wenu, umeshasimama?"

Nikamjibu bado hatua kumi.