Taa Inayoomba Tochi

Mama mkwe alikuwa na miadi ya macho Kampala. Kimila asingelala kwangu, lakini nauli ya kwenda Masaka na kurudi kila mara ilimshinda. Mke wangu akaanza kuwaza chakula. Mimi niliwaza korido.

Korido yetu ya hapa Kisenyi ni ya mtu mmoja na nusu, na choo kiko mwishoni. Kwa Waganda, mwanamume hagusani na mama mkwe wake. Wazee husema ukimgusa utapata obuko, mikono itetemeke. Mimi kwetu ni Busia, mila hiyo si yangu, lakini ni fundi redio, na fundi wa kutetemeka huishia kulehemu vidole vyake. Tena Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, hupenda kuisha usiku wa manane.

Basi nikaamua kuunda kitaa cha usiku. Mawe matatu ya tochi, volti 4.5. LED nyeupe yenyewe hula kama volti 3, kwa hiyo ukiipa rizista ya kilo-omu 1 inapita miliampea 1.5 hivi: unauona mlango, humwamshi mtu, na mawe yanadumu zaidi ya mwezi. Transista niling'oa kwenye redio ya mteja aliyehamia Juba (hajaiulizia mpaka leo). Likabaki jicho, kile kidude chenye mstari uliojikunjakunja usoni. Kwenye mwanga ukinzani wake hushuka, gizani hupanda. Likikaa kati ya transista na hasi, giza likiingia taa inawaka yenyewe.

Nikamwachia mtoto wa shemeji ashikilie waya, nikaenda kunywa chai. Kurudi, nakuta ameshalehemu kila kitu, tena kazi safi, risasi inang'aa. Nikaipigilia ukutani.

Usiku umeme ukaisha. Natoka chumbani, giza totoro. Nikamulika kwa simu nione kulikoni: taa ikawaka! Nikazima simu, ikazimika. Nikawasha, ikawaka. Kijana kaweka jicho upande wa chanya! Taa gani hii inayoomba tochi ndipo iwake? Nikawa nawasha na kuzima, nawasha na kuzima, huku nikimtukana mtoto wa watu kimoyomoyo, mara mlango wa choo ukafunguka.

"Nani huyo ananimulikamulika?"

"Ni mimi, mama. Samahani, mama."

Kwa heshima nikazima simu na kumpa mgongo, nikaanza kurudi kinyumenyume kumpisha. Naye, kwa heshima hiyohiyo, akanipa mgongo akarudi kinyumenyume. Tulikutana katikati. Kishindo chake kiliamsha kuku wa jirani.

"Ssebo!" akapiga ukelele, akajifungia tena chooni.

Asubuhi nikaishusha taa nibadilishe zile waya mbili. Mke wangu akasimama mlangoni ananitazama.

"Baba Zaituni, mbona mkono unatetemeka?"

"Pasi ya kulehemu ina moto sana."

"Hujaichomeka."