Vifaranga wakifa, tunatafutana uchawi

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la wafugaji wa samaki kwenye vizimba vya ziwani, hapa Mwanza, niliweka habari ya vipimo vya homoni ya msongo kwa samaki, vinavyofanyika bila kumchoma samaki sindano. Nikajibiwa kwa vicheko. Mmoja akauliza, "Sato naye ana stresi? Anadaiwa marejesho ya kikoba?" Mwingine akasema tumalize kwanza stresi ya bei ya chakula. Bei ya chakula inaumiza, sibishi. Lakini waliocheka ni walewale wanaoopoa vifaranga waliokufa kwa ndoo siku chache baada ya kupandikiza, halafu wanampigia mzalishaji simu za matusi.

Simu hizo tunazijua. Mnunuzi: "Umeniuzia wagonjwa." Muuzaji: "Wangu walitoka wazima, wewe umewamwaga bila kuwazoesha maji." Dereva naye anatajwa, kwa kuwa hayupo. Ushahidi hana yeyote, kwa hiyo anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Kule Luchelele nilimkuta mama mmoja akipokea mzigo. Mifuko ya nailoni, theluthi maji, juu oksijeni, shingo imekazwa kwa mpira. Ndani maji yana povu na vifaranga wamepanga midomo juu. Akauinua mmoja kwenye mwanga, akautazama weee, akasema, "Baba, hawa wanatembea lakini wameshakufa." Basi ndicho kipimo tulicho nacho hadi leo: jicho la mama.

Na jicho lake lilikuwa sahihi. Sato akibanwa, mwili wake unamwaga kortisoli, ndiyo hiyo homoni ya msongo, molekyuli ileile inayopanda mwilini mwako benki wanapopiga simu. Ikipanda kidogo na kushuka, inamsaidia. Ikikaa juu, kinga inalegea, anasusa chakula, bakteria na ukungu vinamkuta mlango wazi. Ndiyo maana mara nyingi hafi mfukoni, anakufa kizimbani, na lawama inakuangukia wewe. Ukimvua umtoe damu, kule kushikwa tu kunapandisha homoni ndani ya dakika chache, kwa hiyo unakuwa umepima mkono wako. Bahati nzuri, sehemu ya kortisoli hiyo hutoka kupitia matamvua na kuingia kwenye maji. Pima maji, mwache samaki.

Hapo ndipo polima, yaani kitu cha jamii ya plastiki, inapoingia. Unachukua kemikali zinazoshikana na kortisoli, unazigandisha kuizunguka, kisha unaiosha itoke. Vinabaki vitundu vyenye umbo lake, kama fundi aliyemimina zege kuzunguka bomba halafu akalichomoa. Kortisoli nyingine ikipita, inanasa humo. Wala si jambo la jana: mkemia Günter Wulff na wenzake Ujerumani walianza kuchapisha kazi za aina hii mwaka 1972, na mwaka 2018 watafiti wa Stanford, Marekani, walionyesha kiraka cha ngozini kinachopima kortisoli kwenye jasho kwa utando wa polima ya namna hiyo.

Kinachonifanya nishupalie ni friji. Vipimo vya maabara vilivyozoeleka hutegemea kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, na hizo zinataka kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Haya, ziweke Igombe saa nane mchana, umeme umekatika, boda aliyezibeba amesimama njiani anakunywa soda! Kifaa kinachodekezwa kuliko mtoto mchanga hakitufai huku mwaloni, hata tupewe bure, hata kizinduliwe kwa ngoma na fulana. Polima hii haihitaji friji. Inakaa mfukoni, inakaa kwenye boksi la zana, na kesho bado inafanya kazi. Kwa mfugaji wa ziwani, hilo peke yake linazidi maneno mengine yote ya kwenye semina.

Haya, na yale yasiyopendeza. Vitundu hivyo huweza kunasa na ndugu za kortisoli, kwa mfano kortisoni. Kiasi kinachotafutwa ni nanogramu kwa lita, na nanogramu ni gramu moja igawanywe mara bilioni. Kizimbani penyewe sahau, ziwa linachukua kila kitu. Na kila kifaranga anayesafirishwa homoni yake itapanda, hata abebwe na malaika.

Lakini mfuko si ziwa. Maji yaleyale, samaki walewale, tangu unapofungwa hadi unapofunguliwa. Pima unapofungwa, pima unapofika. Wakitoka wameshachoka, itaonekana. Wakichokea njiani, itaonekana pia. Kupanda kwa kawaida ni kiasi gani kwa safari ya saa mbili au ya usiku kucha? Hiyo ni kazi ya TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, na chuo cha uvuvi pale Nyegezi, na haihitaji meli ya utafiti. Inahitaji mifuko, barabara na uvumilivu.

Sijasema vipimo hivi kesho utavikuta dukani. Ila siku vikifika, mzalishaji atakayekataa maji yake yapimwe kabla ya kukaza mpira, mimi sinunui kwake, hata anipunguzie shilingi hamsini kila kifaranga.