Mwonekano Mpya Kwenye Televisheni ya Chogo

Kwa wiki mbili mfululizo kituo ninachokitazama kila usiku, ambacho sitakitaja jina kwa sababu bado nakihitaji, kilikuwa kikitutangazia kwamba taarifa ya habari ya saa mbili inakuja na mwonekano mpya na kwamba watazamaji tukae mkao wa kula. Mimi ni mtu mtiifu. Jumatatu ile nilikaa mkao wa kula kwa maana zake zote mbili, sahani ya ugali mapajani na dagaa pembeni, mama watoto kulia kwangu, watoto wamejipanga mkekani kama watu wanaosubiri kupigwa picha, na mama mkwe katika kiti chake kilicho karibu kabisa na skrini kwa ajili ya macho yake. Kitu cha kwanza tulichopakuliwa kilikuwa kelele.

Wimbo wa zamani wa kufungulia habari ulikuwa na kazi katika nyumba hii, na nadhani walioufuta hawakutuma mtu wa kuja kuuliza. Ulipolia, watoto waliokuwa nje walijua kwamba mchezo umekwisha, mama watoto alijua kwamba ugali unatakiwa uwe umeiva, na mpangaji wangu wa chumba cha uani alijua kwamba mwenye nyumba ameshakaa na hivyo anaweza kupita na deni lake bila kuulizwa. Mimi nimekulia katika ngoma za taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam, ambazo zilipopigwa hata mzee aliyekuwa akigombana na mkewe aliahirisha ugomvi, kwa hiyo ninajua mlio wa habari unatakiwa kumfanya nini mtu. Huu mpya unaanza na kitu kama helikopta, ukafuatiwa na kitu kama kabati la vyombo linaloanguka, na mtoto wangu wa mwisho, ambaye miaka yote wimbo ulikuwa ukimrudisha nyumbani, safari hii alikuwa ndani akatoka nje mbio kwenda kuangalia kilichopasuka.

Tulipomrudisha, dunia ilikuwa inazunguka. Hapo zamani tulikuwa na ramani iliyotulia, ukiitazama unaiona Tanzania mahali pake na maziwa yake, lakini sasa wametengeneza dunia nzima ya kioo inayong'aa na kuzunguka kwa kasi, kiasi kwamba nchi yetu inapita mara moja tu na mtu akipiga chafya ameikosa. Kijana wangu wa kidato cha pili aliiangalia kwa muda, akaweka tonge chini, akasema kwamba dunia hii inazunguka kinyume. Nikamwambia ale. Akasema kwamba dunia huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, na hii ya kwenye televisheni inakwenda mashariki kuelekea magharibi, kwa hiyo kwa mujibu wa kituo hicho jua linachomoza Kigoma na kuzama Dar es Salaam. Dada yake akapinga. Wakatafuta chungwa, wakaingiza na tochi, na mjadala ule ukaendelea juu ya vichwa vya habari vyote vya usiku ule, jambo ambalo naomba mlikumbuke kwa sababu litanigharimu baadaye.

Mama mkwe yeye hakuwa na shida na dunia. Mama mkwe ni mtu wa Lindi, na kwa miaka yote aliyokaa nasi ameitikia salamu za watangazaji: mtangazaji akisema "habari za jioni", yeye hujibu "njema, mwanangu, sijui wewe", kisha husikiliza. Meza ile ya zamani, pana kama ya hakimu, ilimridhisha, kwani mtu mwenye meza ni mtu mwenye kazi. Sasa meza imeondolewa na mtangazaji amesimamishwa katikati ya ukumbi mtupu wenye sakafu inayoakisi taa, anatembea hatua tatu kulia kusoma habari za siasa na hatua tatu kushoto kusoma ajali. Mama mkwe akamtazama muda mrefu bila kuitikia salamu, kisha akanigeukia.

"Baba, huyu mtoto wa watu amekosa nini?"

Nikamwambia kwamba hajakosa kitu, Mama, huo ndio mwonekano mpya.

"Nusu saa nzima hawajampa hata kigoda? Na viatu vile?"

Sikuwa na jibu la viatu. Tangu siku hiyo kila ikifika saa mbili na robo anaanza kuhangaika kwenye kiti chake, anasema miguu inamuuma kwa niaba ya yule binti, na juzi aliinuka kabisa ili wasimame wote wawili mpaka michezo ilipoanza.

Kuhusu rangi nitakuwa mfupi. Zamani ilikuwa bluu, sasa ni nyekundu kila kona, na katika wekundu huo kuna maneno HABARI ZA HIVI PUNDE ambayo hayaondoki. Yalikuwepo kwenye habari ya kisima kilichozinduliwa siku mbili zilizopita, na yalikuwepo kwenye utabiri wa hali ya hewa. Kwa watu wa umri wangu wekundu wa ghafla kwenye taarifa ya habari una maana ya msiba mkubwa, kwa hiyo kila usiku tunaanza kwa kuuliza nani amekufa na kumaliza kwa kugundua kwamba ni semina.

Lakini yote hayo ningeyavumilia, kwa kuwa nimevumilia makubwa zaidi. Nilikuwepo mwaka 1994 televisheni zilipoanza Bara baada ya Wazanzibari kuwa nazo tangu miaka ya sabini, tena za rangi, na kutucheka kwa karibu miaka ishirini. Nilikuwepo tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dar es Salaam, tukaingia madukani kupigania ving'amuzi kama watu wanaopigania mchele wa mgao. Nilinunua king'amuzi, nikakiunganisha na televisheni yangu ya chogo ya inchi 21, na nikaamini kwamba maendeleo yamenikuta na yamenipita, hayatarudi tena kuniulizia.

Watu wananiuliza kwa nini sinunui televisheni bapa. Jibu liko juu ya televisheni yenyewe: kuna kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua ya zambarau pembeni, ambacho mama mkwe alikifuma kwa mkono wake akatupa siku ya harusi yetu. Kitambaa kile kinahitaji mgongo wa kukalia. Televisheni bapa haina mgongo, na mimi sina moyo wa kumwambia mama mkwe kwamba kitambaa chake kimestaafu.

Sasa basi, mwonekano mpya umechorwa kwa ajili ya skrini pana. Fundi wa mtaani aliponifafanulia baadaye, alisema kwamba picha pana ikiingizwa kwenye televisheni ya chogo bila kuipunguza, robo nzima ya upana wake inapotea, nusu ya robo hiyo kushoto na nusu kulia, na kwamba wachoraji wa zamani waliyaweka maandishi katikati kwa kutuhurumia sisi wenye machogo, ila hawa wapya wameyasukuma mpaka ukingoni. Kwa lugha nyingine huenda hasara hiyo ni ndogo. Kwa Kiswahili ni balaa, kwa sababu sisi kukana kwetu kote tumekuweka kwenye herufi mbili za mwanzo.

Usiku ule wa kwanza, wakati watoto wakizungusha chungwa na muziki mpya ukiendelea kuunguruma chini ya sauti ya mtangazaji, kwa kuwa siku hizi habari husomwa juu ya ngoma kama taarabu, alitokea kiongozi mmoja wa wenye daladala akizungumza kwa kujiamini kabisa. Chini ya kidevu chake kulikuwa na maneno makubwa meupe: TUTAPANDISHA NAULI. Niliyasoma kwa macho yangu mwenyewe, na sikusubiri kuhakikisha, kwani tangu lini mtu akahakikisha habari ya nauli kupanda?

Asubuhi nilikuwa kijiweni kabla ya muuza kahawa hajamimina kikombe cha tatu. Mimi ni karani mstaafu, na mtaani kwetu nikisema nimesoma basi imesomwa. Kufika saa tano kinyozi alikuwa ameshapandisha bei ya kunyoa ndevu kwa maelezo kwamba anakuja kazini kwa daladala, jirani yangu mmoja alikuwa ameshagombana na konda wa gari la Kariakoo ambaye maskini alikuwa akidai nauli ileile ya jana, na mama watoto alikuwa ameshaongezewa bei ya nyanya. Jioni, mwenye duka, ambaye ana televisheni bapa ya inchi 43 na hana mama mkwe, ndiye aliyetuambia kwamba maneno yalikuwa HATUTAPANDISHA NAULI. Tangu hapo vijana wa bodaboda wakiniona wananiita Mzee Tutapandisha, na wengine husimama kuniuliza kama kuna kingine nilichosoma.

Na nilikuwa nacho, maana siku ya pili hali iliendelea. HAKUNA UHABA WA SUKARI ilitufikia sisi kama KUNA UHABA WA SUKARI, na ingawa nilikuwa nimeshaapa kutoamini tena ukingo wa kushoto, mama watoto hakuapa, kwa hiyo tuna kilo kumi za sukari chini ya kitanda na sisimizi wanaoifahamu njia. Siku ya tatu kiongozi wa klabu moja ya mpira aliandikiwa SITAJIUZULU, sisi tukapata TAJIUZULU, na mama mkwe, ambaye ni mtu wa pwani na sikio lake hujaza lenyewe herufi zinazopungua, akatutangazia kwamba bwana yule ameamua kuondoka kwa hiari yake, akamsifu kwa uungwana, na akamwombea dua.

Ndipo nilipomwita fundi. Alichukua rimoti, akaingia mahali ndani ya king'amuzi ambapo mimi sijawahi kufika, akabonyeza mara nne, akachukua shilingi elfu tano. Picha ikaingia yote kweli, lakini sasa kuna utepe mweusi juu na utepe mweusi chini, na katikati yake watu wamekuwa wadogo kama unawachungulia kupitia ufa wa mlango. Herufi zote zimo, HA yenyewe imo, ila ukubwa wake ni wa maandishi ya nyuma ya paketi ya dawa ya mbu. Mama mkwe akasema kwamba yule binti, pamoja na kunyimwa kiti, sasa wamemnyima na chakula. Baada ya usiku mmoja tulimrudisha fundi arudishe picha kama ilivyokuwa, naye akatoza elfu mbili nyingine, kwa madai kwamba kurudi nyuma nako ni kazi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kila siku mwishoni mwa habari wanasoma maoni ya watazamaji kuhusu mwonekano mpya, na maoni yote ni ya mtu mmoja aliyegawanywa mikoani. Mtazamaji wa Mwanza anasema hongereni sana, mwonekano unapendeza. Mtazamaji wa Dodoma anasema kwa kweli mmetisha. Mtazamaji wa Tanga anasema kazeni buti. Hakuna aliyeuliza kuhusu kiti, hakuna aliyeuliza jua linachomoza wapi, na mkalimani wa lugha ya alama, ambaye zamani alikuwa na kidirisha chake cha heshima, amefunikwa mkono mmoja na mkanda wa maandishi yanayopita chini, kwa hiyo sijui viziwi wanapata nusu gani ya habari. Nikaona kwamba lazima awepo mtazamaji mmoja wa Temeke atakayesema ukweli.

Namba ya kutoa maoni huonyeshwa chini ya skrini, na nilikaa na kalamu na daftari nikiisubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ilipotokea, sifuri ya mwanzo ilikuwa imekatwa, lakini hiyo si kitu, namba zote za simu zinaanza na sifuri. Tatizo lilikuwa upande wa kulia, ambako tarakimu ya mwisho nayo ilikuwa imemezwa na ubao wa televisheni. Nikajiambia kwamba tarakimu ziko kumi tu, na mstaafu ana muda.

Nilianza na sifuri, haikupatikana. Moja ilipokewa na mtoto aliyekata baada ya kunipumulia. Mbili ilikuwa ya mama mmoja aliyetaka kujua namba yake nimeipata kwa nani, na mama watoto, aliyekuwa amekaa jirani na simu, akataka kujua hilohilo. Tatu ilipokewa na mwanaume mwenye sauti iliyochoka, nyuma yake kukisikika jogoo, na kabla sijamaliza salamu akaniwahi.

"Mzee wangu, ni ule mwonekano mpya, siyo?"

Nikamwambia ndiyo, nina malalamiko.

"Wewe ni mtu wa saba tangu Jumatatu. Mimi nauza kuku wa kienyeji, Mbagala. Lakini malalamiko yaseme tu, nimeshayazoea."

Nikayasema yote, kuanzia helikopta mpaka kiti, na lazima nikiri kwamba alisikiliza vizuri kuliko ambavyo wangesikiliza wenyewe. Alikubali kwamba dunia inakwenda kinyume. Kuhusu yule binti, alisema mkewe naye ameliona hilo la viatu. Mwisho nikamuuliza bei ya kuku, kwa adabu tu, kwa kuwa nilikuwa nimemla muda, akanitajia bei ambayo ilinifanya nikae sawa kwenye kiti. Akaniomba radhi, akasema si kupenda kwake, ameongeza shilingi elfu moja kwa kila kuku tangu Jumanne, kwa sababu Jumatatu usiku aliona kwenye televisheni, tena yameandikwa wazi kabisa, kwamba wenye daladala wanapandisha nauli.