Mshenga aliyeenda posa na ganzi mdomoni

Jino lenyewe ni gego la chini, lilikuwa na katundu kadogo toka mwaka jana, dada yangu kila akija anasema nenda kacheki meno, mi najibu haliumi bwana, nikafanye nini huko. Kumbe jino linaoza kimyakimya kabisa, likifika kwenye mshipa ndio unajua. Likafika ijumaa usiku. Na jumamosi saa kumi mi ndio mshenga wa binamu yangu, tunapeleka posa Mbagala!

Nikatafuna karafuu mpaka ulimi ukawaka, wapi. Asubuhi kliniki, foleni mpaka mchana, daktari kachungulia katikisa kichwa, "ungekuja miezi sita nyuma tungeziba tu ukaenda zako, hili sasa ni kung'oa." Ganzi, vuta nikuvute, likatoka. Akanipa pamba niing'ate, nisiteme mate wala kusukutua, eti donge la damu likitoka kwenye shimo ntarudi nalia. Halafu ganzi itakaa masaa kadhaa.

Masaa kadhaa na msemaji ni mimi jamani.

Tumefika tumekaa mkekani, nafungua mdomo niseme "tumeona ua zuri bustanini mwenu", kinachotoka ni "chuweona uwa juli vushtanini wenu". Wazee wakatazamana. Mate yenye damu yanateremka kidevuni mpaka kwenye kanzu nyeupe, mi sina habari, nusu ya mdomo sio yangu. Bibi mmoja akanong'ona, ila kwa sauti ya msikitini, "huyu kalewa huyu." Binamu kainama anahesabu ukili wa mkeka.

Basi nikanyamaza. Mzee akataja mahari, milioni mbili. Ganzi ndio inaanza kuachia, nikatikisa kichwa kwa maumivu, mzee akajua nimegoma, akashusha milioni na nusu. Nikafumba macho nikashika shavu nikaguna mmmh. Wakateta wenyewe, nasikia "mshenga mgumu", wakarudi na milioni na laki mbili, mwisho kabisa. Nikanyoosha dole gumba fasta ili niwahi dawa ya maumivu.

Sasa hivi ukoo mzima unaniita bingwa wa mahari, mi nacheka tu. Juzi binamu mwingine anayetaka kuoa kanipigia, anauliza kama nina jino lingine bovu. Nikamwambia nilirudi kucheki yote, lilikutwa moja lina kidoa, limeshazibwa. Akasikitika kweli.