Bethidei ya mama mkwe na maharage yasiyoaminika

Wakuu habari za majukumu. Mimi niko Phoenix, Arizona, mwezi wa saba umeshaingia mlangoni, nje digrii 43, hata usukani wa gari unaushika kwa kitambaa, na kazi niliyopewa na mke wangu ni kumtafutia mama yake hoteli ya maana ya kula bethidei ya miaka 70.

Hiyo tarehe yenyewe sasa. Mama mkwe ni mtu wa Muheza, ukimuuliza alizaliwa lini anakwambia mwaka wa mvua nyingi, basi, maongezi yameisha. Tarehe 1 Julai aliandikiwa na karani mmoja aliyekuwa na haraka zake, ikaingia kwenye pasipoti, na mke wangu kaishikilia hiyo hiyo. Kwa hiyo kiukweli tunaenda kusherehekea haraka ya karani.

Nikasema si twende kwa Wasomali tule pilau na mbuzi tushibe turudi. Hapana, mama kaja Arizona ale cha Arizona, tena pahala penye vitambaa mezani. Haya. Cha huku ndo hicho wanaita Southwestern, yaani mahindi, maharage, maboga na pilipili, vyakula vya wenyeji wa jangwa hili tangu Mzungu hajafika, vikachanganyika na vya Mexico, halafu miaka ya 80 wapishi wenye ufundi wa Kifaransa kule Santa Fe, Dallas na hapa hapa Phoenix wakavichukua, wakachora sahani kwa sosi, bei ikapanda na mpaka leo haijashuka. Kuna Mfaransa hapa mjini, Vincent Guerithault, sifa yake kubwa ilikuwa tamale ya bata. Bata ndani ya unga wa mahindi, na watu wazima wanavaa koti wanaenda.

Bei ningeivumilia. Shughuli iko kwenye kitimoto. Jamani ukanda huu kitimoto kimeingia kila mahali! Mchuzi wa pilipili ya kijani wa New Mexico, nguruwe. Posole, yale mahindi yanayofanana na makande ukiyaangalia kwa mbali, nguruwe. Ile nyama nyekundu iliyolala kwenye pilipili, carne adovada, nguruwe tena bega zima. Ukisema ukimbilie tamale ya jibini, unga wake kwa asili unakandwa na mafuta ya huyo huyo nguruwe. Ukisema basi mama atakula maharage tu, yale ya kuponda ndo yamekaangwa humo humo. Mwanaume mzima nimejifungia kwenye gari na AC, napigia simu hoteli za kifahari nauliza, samahani dada, maharage yenu yana nani ndani?

Sehemu moja dada akamwita shefu mwenyewe. Shefu akaanza, haya maharage yanaitwa tepary, watu wa Tohono O'odham wanayalima jangwani tangu zama za mababu, yanaota na mvua za kiangazi, ukame hayaujui, akaendelea hivyo mpaka gari likaanza kunizomea mafuta. Nikamwambia kaka hongera zao, tena za dhati, ila yamekaangwa na mafuta gani? Akasema ya bata. Huyu bata naye! Na sijui kachinjwa na nani na alisema nini wakati anamchinja. Nikaaga kwa adabu.

Halafu picha zao ni za uongo. Kila hoteli mtandaoni utaona watu wamekaa barazani jioni, moto unawaka katikati ya meza, mdada kajitupia shali. Hiyo ni Januari! Mwaka 2023 hapa tulipiga siku 31 mfululizo za digrii 43 na zaidi, sasa wewe nikalie baraza mwezi wa saba nikuone. Wenye hela wakati huu wamehama mji, hoteli nyingine zinashusha bei na nyingine zinafunga kabisa wanasema tukutane Septemba. Shemeji yangu wa Dallas, ambaye hachangii hata senti, akaandika kwenye grupu la familia eti mpelekeni Tucson, UNESCO iliutangaza mji wa mapishi mwaka 2015, wa kwanza Marekani nzima. Ni kweli kabisa. Na mama mkwe akikaa garini nusu saa anatapika, hilo nalo ni kweli kabisa.

Mwisho nikapata pahala, wana samaki trauti na mpungate wa kuchoma, pembeni keki za mahindi ya bluu, mafuta ni ya alizeti nimeapiwa. Mke wangu akamwonyesha mama menyu kwenye simu. Mama akatulia, akapiga hesabu kimya kimya, dola 58 mara elfu mbili na mia tano.

"Baba Aisha, hii si mbuzi mzima?"

Nikasema ndiyo mama. Akauliza haya mahindi mbona ya bluu, yameoza? Mke wangu akaeleza, ndo rangi yake mama, yanachemshwa na chokaa. Na chokaa! Mama mkwe hajibizwi, nikaangalia dari. Akauliza tena, kwa upole kabisa, na samaki huku jangwani anatoka wapi, na hapo hata mimi ningependa kujua.

Nimebuki hivyo hivyo. Watu sita, saa kumi na mbili na nusu jioni, kadi yangu wanayo, msipotokea wanakata dola 50 kila kichwa. Jana usiku mama anakunja mswala wake ananiambia, baba, tarehe moja si Alhamisi? Alhamisi mimi nafunga.

Jua la hapa linazama saa moja na dakika arobaini. Leo asubuhi nimewapigia kusogeza meza mpaka saa mbili, wamekubali, wakaulizia kama kuna chochote maalumu tungependa. Nikaomba tende za kufungulia. Dada akafurahi sana, wanazo, Medjool kubwa kubwa za Yuma, ndo kitangulizi chao maarufu kuliko vyote, zinakuja za moto zimeviringishwa bekoni.